Kufua upanga wako mwenyewe: Skyrim, The Witcher 3 na Old School RuneScape bega kwa bega

Wapo wachezaji wanaofuata hadithi, wapo wanaofuata vita, na tupo sisi tunaofuata karakana. Tukiingia katika gemu ya kuigiza yenye mazimwi na wachawi, macho yetu huenda kwanza kwenye tanuri, fuawe na chungu cha dawa. Tunataka kuchimba madini wenyewe, kuyayeyusha, kufua, kunoa, halafu tushuke pangoni na upanga ambao tunajua kila kipande chake kilitoka wapi. Kwa watu wa aina hii hapa Nairobi swali ni lile lile kila mwisho wa mwezi: pesa inatosha gemu moja, muda ni ule unaobaki baada ya kazi na foleni ya Thika Road, sasa nichukue ipi?

Nimeweka tatu mezani. The Elder Scrolls V: Skyrim ilitoka mwaka 2011, Old School RuneScape mwaka 2013, na The Witcher 3: Wild Hunt mwaka 2015. Si mpya, na umri wao ni faida kwetu: haziombi mashine ya bei ya gari, na diski za mitumba za Skyrim na Witcher hazikosekani kwa wauzaji wa gemu mjini. Isitoshe, kila moja ina jibu lake tofauti kabisa kuhusu maana ya kutengeneza kitu kwa mkono.

Wengi hupima ufundi wa gemu kwa wingi, yaani ni vitu mia ngapi vinavyoweza kutengenezwa. Mimi wingi haunisaidii kuchagua. Ufundi mzuri kwangu ni ule unaokutoa karakanani. Resipe ikidai kitu, je, inakupeleka mahali ambapo usingefika, ukutane na watu wa huko na hatari za huko? Na ukirudi ukakitengeneza, je, kinabadilisha namna unavyopigana, au kinaongeza tarakimu tu? Hayo mawili ndiyo nitakayoyashikilia hadi mwisho.

Nani anashika nyundo

Katika Skyrim ni wewe. Ukiingia tu lango la mji wa Whiterun unakutana na karakana ya Adrianne Avenicci, na vifaa vyote viko hapo hatua chache kutoka kimoja hadi kingine. Chukua jambia la chuma, kitu cha kwanza ambacho karibu kila mtu hutengeneza. Njiani umemuua mbwa mwitu na kuchukua ngozi yake. Unaiweka kwenye fremu ya kutengenezea ngozi, unapata kipande cha ngozi laini, na kipande hicho unakikata kamba nne. Mawe ya chuma uliyochimba unayatia kwenye tanuri yatoke mikuo, yaani vipande vya chuma tayari kwa kufuliwa. Mkuo mmoja na kamba moja ya ngozi, jambia limetoka. Unaongeza mkuo mwingine kwenye jiwe la kunolea, na jambia linakuwa kali zaidi. Wakati wote huo mhusika wako ameinama, nyundo inagonga, cheche zinaruka, na kiwango chako cha uhunzi kinapanda polepole kuelekea 100.

Hakuna gemu nyingine kati ya hizi tatu inayokupa raha hiyo ya mwili wa kazi. Na ngazi zake zinaeleweka hata na mtoto: chuma, chuma cha pua, kisha madini ya Dwemer (watu wa kale waliotoweka) na ya Elf kwenye kiwango cha 30, ya Orc kwenye 50, kioo kwenye 70, ebony kwenye 80, Daedric kwenye 90, na mifupa na magamba ya mazimwi kwenye 100. Kila ukipanda unajua mbele yako kuna nini.

Witcher inakataa hilo kabisa. Geralt, mhusika unayemwongoza, ni mwindaji wa mazimwi, hashiki nyundo hata siku moja. Kazi yake ni kuupata mchoro, kuzitafuta malighafi, kisha kumpelekea fundi na kulipa. Ukiwahi kwenda Kamukunji na mchoro wa sanduku la bati, ukajadiliana bei na fundi wa jua kali huku nyundo zikilia pande zote, mfumo huu unaujua tayari. Fundi naye ana cheo chake: kuna mwanagenzi, kuna fundi wa kati, kuna fundi mkuu, na katika nyongeza ya mwaka 2016 iitwayo Blood and Wine akaongezwa mmoja wa juu kuliko wote, Lazare Lafargue wa Beauclair. Mchoro wa hali ya juu huwezi kuupeleka kwa fundi wa kijijini. Atakuambia wazi kuwa kazi hiyo haiwezi.

Hapo ndipo gemu hii inaponishinda moyo. Fundi mkuu wa deraya humpati tu dukani, sharti umtafute. Kule kwenye ngome ya Crow's Perch kuna kibeti anayeitwa Fergus, ndiye mwenye jina na sifa. Anayesaidia kazi ni mwanamke aitwaye Yoana. Ukikaa nao kidogo unagundua kwamba mwenye ujuzi ni Yoana, na kwamba vifaa anavyohitaji ili aonyeshe uwezo wake viko mbali kabisa, kisiwani Undvik. Unavifuata. Ukirudi, fundi mkuu ni yeye, mbele ya watu wote, na kuanzia siku hiyo deraya yako bora inatoka mikononi mwake. Fundi mkuu wa panga, Hattori wa Novigrad, utamkuta ameacha kufua na anauza maandazi ya kuchemsha kwa sababu wenye nguvu mjini wamemfungia njia. Kabla ya kupata upanga unasaidia maisha ya mtu kurudi mahali pake. Hakuna resipe ya Skyrim iliyowahi kunifanya nimjali mhunzi namna hiyo.

Old School RuneScape inakurudishia nyundo, lakini inakuweka katikati ya umati. Hii ni gemu ya mtandaoni, na kwenye tanuri utakuta wachezaji wengine wamesimama pale pale, kila mmoja na begi lake. Begi lina nafasi 28, basi. Hesabu yote ya uhunzi katika gemu hii inazunguka namba hiyo, na ukishaizoea utaipenda. Shaba nyekundu moja na bati moja zinatoa mkuo wa shaba kwenye kiwango cha 1. Chuma kwenye 15. Chuma cha pua kwenye 30, jiwe moja la chuma na makaa mawili. Begi lenye mawe 9 na makaa 18 linakupa mikuo 9. Mithril inataka makaa manne, adamantite sita, na runite, kwenye kiwango cha 85, inataka manane kwa mkuo mmoja. Yaani mawe matatu ya runite na makaa 24 yamejaza begi, na unaondoka na mikuo mitatu mkononi.

Chuma ndicho kinachowakatisha tamaa wanaoanza. Mpwa wangu aliyeanza kucheza kwa simu alinijia na malalamiko: "Anko, mbona nimeweka mawe 28 nikatoka na mikuo 14? Gemu imeharibika?" Haijaharibika. Jiwe la chuma katika tanuri la kawaida lina nafasi nusu kwa nusu ya kupotea, na likipotea limepotea. Dawa yake ni pete ya kufulia, iitwayo Ring of forging, inayolinda mawe 140 kabla ya kuyeyuka, au uchawi wa Superheat Item unaoyeyusha jiwe mkononi bila hasara. Napenda kwamba gemu inakulazimisha kulijua jambo hili. Mhunzi wa hapa anajifunza tabia ya kila madini, na anayeharakisha analipa.

Malighafi inakupeleka wapi

Skyrim inafanya vizuri sana hapa, hasa saa za mwanzo. Mfano ninaowapa watu ni kambi ya Halted Stream, kaskazini ya Whiterun. Ni maficho ya majambazi yenye mgodi wa chuma ndani, na humo humo kuna kitabu cha uchawi kinachogeuza mawe ya chuma kuwa fedha, na fedha kuwa dhahabu. Ukitoka hapo na kitabu na begi la mawe, umepata njia ya kujifunza uhunzi kwa kufua pete: mkuo mmoja wa dhahabu unatoa pete mbili, na pete zinauzika. Watu wa zamani watakuambia ufue majambia ya chuma mamia. Ushauri huo ulikuwa wa kabla ya gemu kurekebishwa; sasa thamani ya kitu unachotengeneza ndiyo inayoamua unajifunza kiasi gani, kwa hiyo pete ya dhahabu, au upinde wa madini ya Dwemer unaotumia mikuo miwili ya madini hayo na mmoja wa chuma, unakusogeza haraka zaidi. Na madini ya Dwemer yako wapi? Katika magofu yao ya chini ya ardhi, penye mashine za mvuke zinazoamka ukikaribia. Umetumwa na resipe, umeingia mahali pa ajabu, umetoka na begi zito hadi mhusika hawezi kukimbia. Ndivyo inavyotakiwa iwe.

Witcher inaenda mbali zaidi. Vifaa bora vya Geralt vimetawanywa kama michoro, na kila seti ina msako wake. Griffin, ambayo toleo lake la kwanza linavaliwa kuanzia ngazi ya 11, inasaidia wanaopigana kwa uchawi wa mikono. Wolf ni ngazi ya 14. Paka, ngazi ya 17, ni deraya nyepesi ya anayepiga haraka haraka na kuruka pembeni. Dubu, ngazi ya 20, ni nzito, ya anayekubali kupigwa ili apige. Unasoma barua ya marehemu, unafuata ramani, unaingia kwenye kasri lililobomoka, unakuta mifupa ya aliyekuwa na mchoro huo kabla yako. Mara nyingi mchoro wenyewe una historia fupi ya mwindaji aliyekufa akiutafuta. Malighafi ndogo ndogo, kama ngozi na mikuo, unazipata kwa kuvunjavunja takataka ulizookota: mhunzi anakuvunjia ufagio, mnyororo, kikombe, vinageuka vifaa. Usidharau takataka.

RuneScape? Hapa lazima niseme waziwazi. Ukiwa na akaunti ya kawaida, malighafi haikupeleki popote. Kuna soko kuu, Grand Exchange, ambapo unaweka oda ya makaa elfu moja na yanakuja yenyewe kutoka kwa wachezaji wengine. Soko hilo linavutia kwa anayependa biashara. Bei zinapanda na kushuka kwa uhitaji halisi wa watu, na si ajabu kukuta mikuo inauzwa ghali kuliko kitu kinachofuliwa kutokana nayo, kwa sababu watu wanainunua ili wapandishe kiwango. Ila mhunzi anayenunua kila kitu na kusimama kwenye fuawe moja wiki nzima hajatoka karakanani. Tiba ipo ndani ya gemu yenyewe: unapoanza unaweza kuchagua akaunti ya Ironman, isiyoruhusiwa kufanya biashara na wachezaji wengine. Hapo kila jiwe la makaa utalichimba wewe. Kwa mpenzi wa ufundi, nadhani hiyo ndiyo RuneScape ya kweli, na sipendekezi nyingine.

Ulichotengeneza kinafaa vitani?

Sehemu hii ndiyo inayotenganisha gemu hizi, na ndiyo ambayo wauzaji hawakuambii.

Skyrim ina kasoro moja kubwa inayotokana na ubora wake. Ina fani tatu za kutengeneza: uhunzi, utiaji uchawi kwenye vifaa, na utengenezaji wa dawa. Kila moja inaipa nguvu nyingine. Dawa inakuongezea ustadi wa kutia uchawi. Uchawi huo unautia kwenye pete na glavu zinazokuongezea uhunzi na ustadi wa dawa. Halafu unarudi kutengeneza dawa kali zaidi. Ukizungusha gurudumu hilo mara chache, unatoka na upanga ambao hakuna kitu kwenye sanduku lolote la Skyrim kinachoufikia. Deraya nayo ina kikomo chake: ikionyesha 567 umefika kilele cha kuzuia asilimia 80 ya pigo la silaha, na mhunzi mzuri anafika hapo bila shida. Siku za mwanzo unajisikia shujaa. Baadaye unafungua sanduku lililolindwa na mfalme mfu, unakuta upanga wa Daedric, unaucheka na kuuacha chini. Ufundi umeshinda gemu nzima, na zawadi za safari zimekufa.

Ushauri wangu kwa anayechukua Skyrim: chagua fani moja, mbili zikizidi. Uhunzi na dawa bila kutia uchawi, au kutia uchawi bila uhunzi. Kumbuka kwamba kutia uchawi kuna machungu yake mazuri: ili ujifunze uchawi fulani lazima ukiharibu kifaa kilicho nao. Umepata pete nzuri, unaivaa au unaivunja ujifunze? Huo ni uamuzi wa kweli, na Skyrim ingekuwa bora zaidi kama ingekuwa na maamuzi mengi ya namna hiyo. Vilevile ukilenga kuboresha vifaa vyenye uchawi tayari, subiri uhunzi ufike 60 upate ustadi unaoruhusu hilo, vinginevyo jiwe la kunolea litakukatalia.

Witcher imeipatia. Kila seti inakubadilisha mwenyewe. Ukivaa Griffin unaanza kufikiri kwa moto na ngao ya uchawi. Ukivaa Paka unakuwa mtu wa miguu, pigo moja ukichelewa kukwepa umeumia. Katika Blood and Wine, vipande vitatu vya seti moja ya daraja la juu vinafungua faida moja, na sita vinafungua nyingine, kwa hiyo uamuzi wa seti ni uamuzi wa mtindo mzima wa kupigana. Halafu kuna mafuta ya kupaka upanga, kila aina ya zimwi na mafuta yake, na panga zenyewe mbili, ya chuma kwa binadamu na wanyama, ya fedha kwa mazimwi. Unasoma kuhusu adui, unaandaa mafuta, unapaka, unaenda. Maandalizi hayo ndiyo ufundi. Kwenye ugumu wa juu kabisa, asiyeandaa anakufa mapema.

RuneScape ina jambo ambalo sijawahi kulikubali. Deraya ya kifua ya rune, yaani ya madini ya runite, ile ya bluu inayotamaniwa na kila anayeanza, unaruhusiwa kuivaa ukiwa na kiwango cha 40 cha kujilinda na umemaliza kazi ya kumuua zimwi Elvarg. Kuitengeneza? Kiwango cha 99 cha uhunzi, mikuo mitano, yaani makaa 40 na mawe matano ya runite. Na kufika 99 kunahitaji pointi 13,034,431. Ukifika kiwango cha 92 ndipo umemaliza nusu ya safari. Maana yake ni kwamba siku utakapoweza kuifua, hutaihitaji tena. Utakuwa umeshavaa vitu vizuri zaidi vilivyotoka kwa mazimwi. Upanga wa rune aina ya scimitar unataka uhunzi wa 90 kwa kitu kinachoshikwa na mwenye kiwango cha 40 cha kushambulia. Uhunzi wa RuneScape ni safari inayopendwa kwa safari yenyewe. Wapo wanaoifurahia sana, na ninawaheshimu, lakini anayetaka upanga wake umsaidie kesho atavunjika moyo.

Dawa, kwa ufupi

Dawa za Skyrim ni za mtafiti: kila kiungo kina athari nne, ukikila unajua ya kwanza, zingine unazigundua kwa kuchanganya. Chuma ua la bluu la milimani na ngano za mashamba ya karibu na Whiterun, changanya, umepata dawa ya kurudisha afya inayokuongezea afya pia. Za Witcher ni za mwindaji. Dawa unaitengeneza mara moja tu. Baadaye ukikaa kutafakari chupa zinajijaza mradi una pombe kali begini, na ukinywa nyingi mfululizo sumu inapanda mwilini. Sumu hiyo inakulazimisha kuchagua, na kwa hilo naipa Witcher ushindi bila kusita. Kwenye RuneScape ustadi wa kutengeneza dawa ni wa wanaolipia uanachama peke yao, na jambo hilo peke yake linamwondoa anayecheza bure.

Mashine, bando na stima

Skyrim ya 2011 inaridhika na kompyuta yenye RAM ya GB 2 na nafasi ya GB 6 kwenye diski. Toleo la 2016 linataka RAM ya GB 8 na nafasi ya GB 12. Laptopu nyingi za ofisi zilizotumika zinazouzwa Luthuli Avenue na Moi Avenue zitaicheza ya kwanza kwa picha za chini. Witcher 3 ni mzigo: GB 50 za nafasi, na kadi ya picha ya kueleweka. Kama huna intaneti ya nyumbani isiyo na kikomo, kuipakua kwa bando ya simu ni kuchoma pesa. Tafuta diski ya PS4, ila ujue hata diski itataka masasisho. RuneScape iko kwenye Android na iPhone tangu 2018, ni nyepesi, na akaunti ile ile unaifungua kwa simu au kompyuta. Sehemu ya bure ina uchimbaji wa madini na uhunzi wote hadi rune, kwa hiyo unaweza kuujua moyo wake kabla hujalipa chochote. Inafaa kwa matatu, ukikaa mbali na dirisha.

Stima ikipotea, RuneScape haikupi hasara ukiwa kwenye tanuri, kila kitu kimeshahifadhiwa upande wao. Skyrim hujihifadhi ukilala, ukisubiri au ukisafiri. Aliyesimama fuaweni jioni nzima kwa kompyuta ya mezani ahifadhi mwenyewe kila baada ya kazi chache. Fanya hivyo hivyo kwa Witcher.

Na kuhusu kumbi za kucheza kwa saa mitaani: ni nzuri kwa mpira, si kwa hizi. Kulipia dakika unazotumia kuchuma maua na kuyeyusha chuma ni kujiumiza, na siku ukirudi unaweza kukuta mtu mwingine ameandika juu ya hifadhi yako.

Vipi kuhusu zile mpya?

Elden Ring ya 2022 ina kifaa cha kutengenezea vitu unachonunua kwa mchuuzi Kalé pale Church of Elleh, lakini kinatoa vitu vidogo vya kutumia mara moja, mishale na mabomu. Uhunzi wake ni kuongeza nguvu silaha kwa mawe maalumu, hadi +25 kwa za kawaida na +10 kwa za pekee, kwa mzee Hewg. Inafanya kazi, ila si karakana. Baldur's Gate 3 ya 2023 ndiyo iliyonishangaza: kuna tanuri moja kubwa chini ya ardhi, la adamantine, lenye mto wa lava na mlinzi wa kutisha, na madini ya mithral utakayopata yanatosha vitu viwili tu. Viwili, gemu nzima. Utajadiliana na nafsi yako usiku kucha. Lakini inadai GB 150 za nafasi na mashine ya nguvu, na kwa vitu viwili siwezi kumwambia mpenzi wa uhunzi aingie gharama hiyo kwa sababu ya karakana.

Basi chukua ipi

Mwenye laptopu ya zamani na hajawahi kucheza gemu ya aina hii, achukue Skyrim, ajiwekee ile sheria ya fani moja au mbili, na aanzie Halted Stream. Mwenye simu tu, aanze RuneScape ya bure kwa akaunti ya Ironman, asikimbilie 99, aweke lengo la chuma cha pua kwanza na ajue pete ya kufulia kabla hajapoteza mawe mengi.

Mwenye PS4 au kompyuta nzuri na saa mbili za jioni, chaguo langu ni Witcher 3, na sioni aibu kulisema ingawa hapo nyundo anashika mtu mwingine. Ndiyo pekee kati ya tatu ambayo malighafi inakupeleka mbali na kitu unachorudi nacho kinakufanya mpiganaji tofauti, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Chagua seti moja mapema kulingana na unavyopenda kupigana, ifuate hiyo hiyo. Na kipande chochote cha Griffin, Paka, Wolf au Dubu ulichofuliwa, usikiuze wala usikivunje hata ukiishiwa pesa: toleo la juu linatengenezwa kwa kutumia la chini lake, na ukilipoteza itabidi ulipe upya tangu ngazi ya kwanza.